Sufuri Zisizo na Kazi

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Bila mimi, Mautuma yote ingekuwa bado inahesabu kwa vidole vya miguu. Nasema hivi bila majivuno. Mtu aliyepata 80 ya hesabu darasa la sita hawezi kujificha. Ripoti ipo sebuleni, ndani ya fremu, na kila mgeni huiona kabla hajapewa chai. Hata mzungu wa utafiti wa mahindi alilijua hilo. Alipohama, kompyuta yake ya mfukoni alimwachia nani? Mimi. Nilikuwa nimemwokoa na chui. (Zamani nilisema mbwa. Nilikuwa namfichia mzungu aibu.)

Mashine yenyewe ni ndogo kama kibweta cha miwani. Ina vitufe vingi kuliko koti la askari. Unaiandikia maagizo yako, nayo inayafuata bila kuuliza posho.

Leo kulikuwa na mkutano wa mashindano ya kwaya. Ni Jumamosi hii. Kwaya sita, majaji wanne. Kila jaji anatoa alama zisizozidi mia, zinajumlishwa, zinagawanywa kwa nne. Kwaya ya kwanza inakwenda fainali Kakamega mjini.

Mama Jescah, mwenyekiti wetu, alilalamika kwamba mwaka jana matokeo yalisomwa mpaka obusuma, yaani ugali, ukaota ngozi. Kosa la nani? La Mwalimu Erastus, Katibu wa Alama. Huyu huandika ubaoni 78.00, 64.00, kisha anasoma yote: sabini na nane nukta sufuri sufuri. Ile sufuri ya mwisho anaivuta kama anatafuta sauti ya besi.

Nikasimama. Nikasema sufuri za mwisho, zile zinazokuja baada ya nukta, ni magunia matupu juu ya lori. Hazibebi kitu na bado zinafungwa kamba. Watu walicheka sana. Erastus akasema kanuni zinataka tarakimu mbili baada ya nukta, na kwamba sufuri ni adabu ya hesabu. Nikamwambia mashine yangu inaweza kuzipangusa hizo adabu zote kwa kubonyeza mara moja.

Mama Jescah akasema kesho nilete hiyo mashine aione. Ikifanya kazi, mimi ndiye Katibu wa Alama. Aliongeza kwamba hata hivyo si vizuri Erastus aongoze kwaya ya Matete na tena awe ndiye anaandika alama. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mke wangu Pascalia siye anayeongoza kwaya ya akina mama wa Mautuma. Nikamjibu kwamba mashine haina mke. Akakaa.

Sasa niseme kwa nini naitaka kazi hii. Katibu wa Alama anakwenda Kakamega na kukaa meza kuu. Analetewa ingokho, kuku wa heshima. Na ile imondo, firigisi yenyewe, kipande ambacho kuku mzima anacho kimoja tu na hapewi mtu hivi hivi, inawekwa kwenye sahani yake. Miaka mitatu Erastus ndiye anaila. Nimemwona. Anatafuna polepole makusudi.

Jumanne, 8 Agosti 1995

Winrose, binti wa dada yangu, yuko hapa kwa likizo. Anasoma mambo ya kompyuta kule chuo cha Sigalagala. Nilimwambia maagizo ya mashine nayajua yote, nataka tu kupima kama huko wanafundishwa sawasawa. Akasema sawa, Khotsa. Alilisema kwa ile sauti ambayo wasichana huwawekea wajomba wanaowahurumia.

Akaniandikia maagizo kwenye daftari, kwa Kiswahili, ndipo akayaingiza. Tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni sufuri, itoe, rudi utazame tena. Ikiwa ni nukta, itoe, SIMAMA. Akanieleza hilo SIMAMA mara tatu. Nilimwambia mara moja ilitosha, mimi si Erastus.

Tulikwenda kwa Mama Jescah saa nne. Nikaingiza 64.00. Ikatoka 64. Nikaingiza 71.50. Ikatoka 71.5. Mama Jescah akavaa miwani, akavua, akasema hata pasi haifanyi hivyo. Erastus alikuwepo, mikono nyuma. Aliuliza kama mashine inajua inachotoa au inatoa tu. Wivu mtupu. Nikateuliwa pale pale. Katibu wa Alama.

Njiani nilimweleza Winrose jinsi nilivyomwokoa mzungu na chui wawili.

Jumatano, 9 Agosti 1995

Winrose ameondoka asubuhi kwenda Matete kwa shangazi yake, atarudi Jumapili. Ni vizuri. Sasa mtu anaweza kufanya kazi.

Nimekaa na daftari lake nikalisoma kwa jicho la mtaalamu, na nimegundua kosa. Hilo SIMAMA. Nani ameona trekta inaambiwa isimame katikati ya shamba? Trekta inalima mpaka mwisho wa mstari ndipo inageuka. Mtoto ameandika kwa woga. Nimeliondoa SIMAMA, nikaweka RUDI mahali pake. Sasa mashine inatoa sufuri, inatoa nukta, inarudi, inaendelea mpaka ikute kitu cha kuizuia. Nimejaribu 64.00. Ikatoka 64. Nimejaribu 78.50. Ikatoka 78.5. Imekuwa na kasi zaidi, nahisi.

Nikaijaribu kwa kuku wetu. Jana Pascalia alisema ni 20. Nikaingiza 20.00.

Mashine ikasema 2.

Nilitoka nje. Uani hapakuwa na kuku hata mmoja. Nikaelewa mara moja. Nikavuka ua kwenda kwa jirani yangu Kibiwott, nikamwambia kwa heshima kwamba namdai kuku kumi na wanane na kwamba mashine imeshasema. Kibiwott alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinuka. Alisema, jirani, mtu aliyekula kuku kumi na wanane ungemkuta amelala chali, si amekaa hapa anapukuchua. Mkewe Jerotich akacheka mpaka akashika nguzo. Nikawaambia wawe na usiku mwema wa kutafakari. Ilikuwa saa tano asubuhi, lakini nilikuwa nimeshaanza sentensi.

Niliporudi nilijaribu kitu kingine. Ile alama yangu ya darasa la sita. Jibu la mashine sitaliandika hapa. Nitasema tu kwamba nilikaa chini. Tangu dakika ile naiamini mashine hii kuliko ninavyomwamini mtu yeyote katika wilaya hii.

Alhamisi, 10 Agosti 1995

Kuku wamerudi. Wote! Jana jioni waliingia bandani mmoja mmoja kama wanakwaya, Pascalia akawahesabu, ishirini. Anasema hurudi kila jioni kwa sababu wanalala hapo. Mimi nasema Kibiwott aliogopa akawapitisha chini ya ua. Nimempungia mkono leo, kumwonyesha kwamba nimemsamehe. Naye akanionyesha kuku mmoja kwa mbali, akamkumbatia, akambusu.

Mazoezi ya mwisho ya akina mama yalikuwa hapa kwetu. Wamama kumi na wawili uani, na Pascalia mbele. Wimbo ameutunga mwenyewe, unahusu mvua iliyochelewa. Tangu Januari anautengeneza. Huupika pamoja na mboga. Namsikia jikoni akitafuta mahali pa kuvuta pumzi. Miaka mitatu mfululizo wamekuwa wa pili nyuma ya Matete ya Erastus. Mara ya mwisho walipungukiwa na nusu alama.

Baada ya mazoezi alikuja akakaa karibu nami. Akasema, Baba Sellah, mimi nina miaka arobaini na sita, mwaka huu nisipofika Kakamega naweka kitabu cha nyimbo kwenye sanduku na sitaki mtu aniulize. Kisha akasema anafurahi kwamba mimi ndiye nitakuwa na alama, kwa sababu angalau mtu wa nyumbani hawezi kumwibia nusu. Nilimwambia atulie. Nilimwambia mashine haiibi, inapangusa tu.

Ameninyooshea shati jeupe.

Ijumaa, 11 Agosti 1995

Nimekwenda posho mill kusaga gorogoro moja ya mahindi. Nimechukua saa tatu nzima. Watu walitaka kusikia habari za chui. Sasa ni watatu, na mmoja alikuwa na watoto.

Jumamosi, 12 Agosti 1995

Naandika nikiwa nimekaa kwenye debe nyuma ya ghala la mahindi. Nyumbani hapakaliki.

Mambo yalianza vizuri sana. Uwanja wa shule ulijaa. Nilikuwa na meza yangu, kitambaa cha meza, na beji iliyoandikwa KATIBU. Kila kwaya ilipomaliza, majaji waliniletea karatasi zao. Nikazijumlisha, nikagawanya kwa nne, nikapangusa sufuri, nikaandika jibu la mashine, kisha karatasi nikampa Mama Jescah akazitia kwenye mkoba wake. Erastus alikaa mbali na chaki yake mfukoni kama mtu aliyestaafishwa.

Niseme ukweli, akina mama wa Mautuma waliimba. Hata mimi niliyewasikia tangu Januari niliacha kubonyeza. Walipofika mahali pa mvua kuanza kunyesha, mzee mmoja mbele yangu alinyoosha mkono nje ya kivuli kuangalia. Niliona jaji mmoja anaandika namba, anaikata, anaandika kubwa zaidi.

Nikasoma matokeo kwa kipaza sauti. Ilichukua dakika moja na nusu. Obusuma ulikuwa haujaiva hata. Haraka ya namna hiyo haijawahi kuonekana Lugari.

Matete, 86.75. Lumakanda, 81.25. Mbagara, 78.5. Chekalini, 64. Mautuma, 9. Matunda, 7.

Kisha mtu akaomba nirudie hiyo ya Mautuma. Nikarudia. Tisa. Nikaisema wazi zaidi, kwa sababu mimi si mtu wa kumung'unya maneno.

Kiongozi wa Matunda alikaa chini kwenye nyasi. Wamama wa Mautuma walimtazama Pascalia, Pascalia akanitazama mimi. Nilimwonyesha mashine, ili ajue ile tisa haikutoka kwangu.

Mama Jescah alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwambia mashine hii inajua mambo ambayo watu wameyaficha miaka thelathini. Akanitazama sana. Kisha akatangaza Matete. Nilimwona Erastus anapokea cheti. Hakutabasamu. Nikadhani ni maringo.

Nyumbani nilitaka kumfariji mke wangu. Nikamwambia kwamba angalau hawakuwa wa mwisho. Halafu nikasema labda sauti ya pili iliteleza mahali, jambo ambalo masikio ya kawaida hayasikii lakini hesabu inasikia. Alikuwa ameshika mwiko. Hakunipiga. Aliuweka chini taratibu, akaenda chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa na kufungwa.

Ndiyo sababu niko kwenye debe.

Jumapili, 13 Agosti 1995

Asubuhi Pascalia aliwasha moto bila kuimba. Sikujua kwamba jiko letu lina kelele nyingi hivyo. Kuni zinalia, sufuria inagonga, mfuniko unatetemeka. Miaka ishirini na mitano sijawahi kuvisikia. Nilikunywa chai haraka.

Kanisani, baada ya matangazo, Erastus aliomba nafasi. Alikwenda mbele na ubao wa Shule ya Jumapili chini ya kwapa. Alisema jana hakulala. Alisema amefundisha hesabu miaka kumi na tisa na nyimbo miaka kumi na mitano, na kwa masikio yake mwenyewe alisikia akina mama wa Mautuma wakiwapiga Matete, tena vizuri. Kwa hiyo anaomba Mama Jescah afungue mkoba.

Mama Jescah akafungua. Erastus akaandika ubaoni alama za majaji wanne wa Mautuma: 88, 91, 89, 92. Akajumlisha mbele ya kanisa zima, bila haraka. 360. Akagawanya kwa nne. Akaandika 90. Kisha, polepole, huku ananitazama, akaweka nukta na sufuri mbili. 90.00. Sijawahi kuona sufuri zimeviringwa vizuri namna ile.

Baada ya hapo Matunda. 70.00.

Mama Jescah akageuka, akauliza mbele ya watu wote, Sylvanus, hizi sufuri zetu umezipeleka wapi? Kanisa likacheka. Kibiwott si mtu wa kanisa letu lakini alikuwepo, sijui nani alimwalika. Aliinua mkono akasema labda ziko kwake pamoja na wale kuku kumi na wanane. Mchungaji mwenyewe alilazimika kugeukia ukuta.

Winrose alikuwa amerudi. Akachukua mashine mkononi mwangu, akabonyeza mara mbili tatu, akaniuliza, Khotsa, SIMAMA iko wapi? Nikamwambia niliipumzisha. Akaeleza watu kwamba mashine ilitakiwa kusimama ikishatoa nukta. Isiposimama inaendelea kula, na ikikuta namba kama tisini au sabini, inakula hata ile sufuri ambayo ndiyo mwili wa namba. Sitini na nne inapona kwa sababu ina nne ya kuizuia. Watu wote waliitikia kwa vichwa kama walikuwa wanajua tangu zamani.

Erastus akatoa kile cheti mfukoni na kumpa Pascalia. Alisema afadhali ashindwe na 90.00 kuliko kushinda 9. Watu walipiga makofi mpaka nikapiga na mimi, ingawa mkono mmoja ulikuwa unafunika beji.

Pascalia alinitangulia kufika nyumbani. Akaenda chumbani. Sanduku likafunguliwa. Kisha akatoka, akamkamata yule jogoo mwekundu, akaniambia nimchinje, tuna mgeni.

Mgeni alikuwa Erastus. Alikaa kiti changu, chini ya ripoti yangu. Pascalia akaleta ingokho, na imondo akaiweka kwenye sahani ya Erastus kwa mkono wake mwenyewe. Ndani ya nyumba yangu. Kuku wangu! Mimi nilipewa shingo. Erastus alitafuna polepole, kisha akaikata imondo katikati, akaniwekea nusu. Nilikataa. Nilikataa mara moja tu, kwa adabu, lakini nilipokubali alikuwa ameshaila.

Lakini jikoni Pascalia aliimba. Ile ya mvua, yote, toka mwanzo mpaka mwisho, huku anasugua sufuria. Nilisimama nje ya mlango nikijifanya natafuta jembe. Aliponiona alisema, Baba Sellah, jembe liko mkononi mwako.

Jumatatu, 14 Agosti 1995

Kamati imekutana. Erastus amerudishiwa ukatibu na atakwenda Kakamega. Mimi nimepewa wadhifa mpya: Mkuu wa Viti. Nitasimamia upakiaji wa viti vyote vya wanakwaya kwenye lori, na upakuaji. Kwa kweli ni cheo kikubwa zaidi. Alama zinasomwa siku moja, viti vinakaliwa kila wiki.

Winrose amerudisha SIMAMA na kuniomba nisiguse. Nilisubiri aende kisimani. Nikaiondoa. Mtu hawezi kuachia mashine yake ikae na woga wa mtoto ndani.

Tena sasa nina ushahidi. Asubuhi hii, baada ya yule jogoo, kuku wamebaki kumi na tisa. Nikaingiza 19.00. Mashine ikasema 19! Sawasawa kabisa. Imepona yenyewe. Ilikuwa uchovu tu, labda joto la uwanjani. Nimemwandikia Mama Jescah barua kumjulisha kwamba nipo tayari kwa Kakamega, na kwamba nimeona pia sufuri zinazokaa mbele ya nukta, kama kwenye 0.5, ambazo nazo hazina kazi. Barua nimempa Kibiwott ampelekee. Alipoisoma alisema ataipeleka hata kwa magoti.

Kabla ya kuizima nilijaribu tena ile namba yangu ya darasa la sita. Nilitaka kuona kama na hapo imepona. Nikaingiza 80.00.

Ikasema 8. Kama ilivyosema Jumatano.

Kwa hilo siwezi kuilaumu. Ilikuwa 8. Ile sufuri niliiongeza mwenyewe, kwa kalamu ya kuazima, nikiwa njiani kurudi nyumbani kwa baba, na ukiitazama karibu kwenye fremu utaona wino wake ni wa bluu.